Akaunti ya malipo ya kimataifa kwa biashara ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamelenga mwenye duka wa Kariakoo anayeagiza mzigo Guangzhou au Dubai, kampuni ndogo ya utalii ya Arusha au Unguja inayolipwa na wageni, na mtoa huduma wa Nairobi au Mombasa mwenye wateja Ulaya na Marekani. Mifano ya bei za kubadilishia fedha ni ya hesabu tu. Bei ya siku iulize siku hiyo hiyo.

## Mambo ya msingi

1. Akaunti ya malipo ya kimataifa ni kitu gani hasa?

Jina hilo hubeba vitu vitatu tofauti, na watu wengi huchanganyikiwa hapo. Cha kwanza ni akaunti ya fedha za kigeni, kama ya dola au euro, katika benki ya kawaida ya hapa nyumbani. Cha pili ni akaunti ya kampuni ya malipo ya mtandaoni, mfano Payoneer au PayPal. Baadhi ya kampuni hizi hukupa namba za kupokelea dola, euro au pauni kana kwamba una akaunti kule kule, kisha unahamishia fedha benki yako. Cha tatu ni lango la malipo, kama Pesapal au Paystack, ambalo humwezesha mteja kulipa kwa kadi kwenye tovuti yako au kwa kiungo unachomtumia.

Kila kimoja kina kazi yake. Lango la malipo halimlipi muuzaji wa China, na akaunti ya dola ya benki haimsaidii mgeni wa Ufaransa anayetaka kulipia safari kwa kadi saa tano usiku.

2. Nianzie wapi kuchagua?

Chukua karatasi uandike mambo manne: nani anamlipa nani, kwa sarafu gani, mara ngapi kwa mwezi, na kiasi gani kila mara. Fanya hivyo kabla ya kusoma tangazo lolote.

Kama fedha zako nyingi hutoka kwenda kwa wauzaji, na kila malipo ni maelfu ya dola, unahitaji benki yenye akaunti ya dola na dawati linalojua kutuma TT, yaani uhamisho wa fedha kutoka benki hadi benki ya nje. Kama fedha nyingi huingia kwa mafungu ya dola 100 hadi 1,000 kutoka kwa wateja wa nje, ada ya benki itakula sehemu kubwa ya kila fungu, hivyo akaunti ya mtandaoni hufaa zaidi. Kampuni ya utalii kwa kawaida huhitaji lango la malipo la kupokelea amana za wageni pamoja na akaunti ya dola benki.

3. Akaunti yangu binafsi haitoshi?

Haitoshi. Invoisi ina jina la biashara na akaunti ina jina lako, kwa hiyo mteja makini, hasa kampuni, atakataa kulipa, au benki yake itasimamisha malipo na kuuliza maswali. Kampuni za mtandaoni nazo hufungia akaunti binafsi zinapoona mwenendo wa biashara. Na mwisho wa mwaka utapata kazi ya kumweleza mkaguzi wa kodi ipi ilikuwa ada ya shule na lipi lilikuwa pato la duka.

4. Nitahitaji nyaraka gani, na maombi hukataliwa kwa sababu gani?

Tanzania: cheti cha usajili kutoka BRELA, TIN, leseni ya biashara na kitambulisho cha NIDA cha kila mwenye sahihi. Kampuni huongeza katiba yake na azimio la wakurugenzi la kufungua akaunti. Kenya: cheti cha usajili, PIN ya KRA, vitambulisho, na kwa kampuni hati ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa.

Kampuni za mtandaoni huongeza uthibitisho wa anwani na ushahidi kwamba biashara ipo kweli: tovuti, invoisi za karibuni, mkataba na mteja. Wengi hukwama kwenye anwani. Sanduku la posta halikubaliki, bili ya maji ina jina la mwenye nyumba, na risiti ya umeme wa LUKU haina anwani kabisa. Suluhisho ni kwenda benki yako, kuhakikisha mtaa na namba ya nyumba vimeingizwa kwenye kumbukumbu zao, kisha kuomba taarifa ya akaunti yenye anwani hiyo na tarehe ya karibuni. Mkataba wa pango nao wakati mwingine hukubalika.

Sababu nyingine ni majina kutofautiana. Leseni inasema "Juma General Traders", BRELA inasema "Juma General Traders and Supplies". Kwako ni biashara moja, ila kwa mkaguzi aliyeko nchi nyingine hizo ni biashara mbili. Rekebisha kabla ya kuomba, kwa kuwa ombi likishakataliwa huwa gumu kulifufua.

## Gharama

5. Wanasema ada ni ndogo au hakuna. Mbona fedha zinapungua?

Kwa sababu ada ni sehemu moja tu kati ya tatu. Nyingine ni bei ya kubadilishia na makato ya njiani.

Tuseme bei ya katikati ya soko, yaani kati ya bei ya kununua na ya kuuza, ni shilingi 2,600 kwa dola, na benki inakuuzia kwa 2,650. Unapolipa invoisi ya dola 5,000, umetoa 13,250,000 badala ya 13,000,000. Shilingi 250,000 zimekwenda kwenye bei pekee. Kama ada ya TT ni dola 50, hiyo ni kama 130,000 tu, yaani karibu nusu ya gharama ambayo hakuna aliyekutajia. Ndiyo maana benki yenye ada ya juu na bei nzuri inaweza kuwa nafuu kuliko ile inayotangaza "tuma bure".

Bei ya dola inaweza kujadiliwa. Usikubali ya kwenye ubao. Ukiwa na malipo ya dola elfu kadhaa, mwombe ofisa wako apige simu idara ya hazina ya benki na kukuletea bei maalumu. Benki mbili zikijua unazilinganisha, hulegea.

6. OUR, SHA na BEN kwenye fomu ya TT vina maana gani?

Vinaeleza nani anabeba gharama. OUR: wewe mtumaji unalipa zote. SHA: unalipa za benki yako, na za benki zilizobaki hukatwa kwenye kiasi kinachosafiri. BEN: zote anabeba mpokeaji.

Kosa la kawaida ni kuchagua SHA kwa muuzaji anayetaka kiasi kamili. Unatuma 4,000, anapokea 3,975, anagoma kutoa mzigo mpaka umalizie 25, na kutuma dola 25 hizo kunagharimu zaidi ya dola 25. Chagua OUR, au kubalianeni kwa maandishi kwamba upungufu mdogo utaingia kwenye invoisi inayofuata. Muulize pia ofisa kama OUR yao inahakikisha kiasi kamili, maana dola hupitia benki za Marekani na wakati mwingine makato hujitokeza huko hata ukichagua OUR.

7. Nilinganishe vipi watoa huduma wawili?

Kwa swali moja, lililoulizwa saa ile ile kwa wote: "Nikitaka mpokeaji apate dola 3,000 kamili, shilingi ngapi zitatoka kwenye akaunti yangu, kodi juu ya ada ikiwemo?" Kwa upande wa kupokea ligeuze: "Mteja akituma dola 1,000, shilingi ngapi zitaingia?" Kisha ongeza ada za mwezi, za mwaka, za kadi na za kuacha akaunti bila kuitumia, ambazo hujificha chini kabisa ya orodha.

8. Nibaki na dola au nibadilishe kuwa shilingi?

Kama unalipwa kwa dola na pia unalipa kwa dola, ziache. Anayebadilisha dola kuwa shilingi Jumatatu na kununua dola tena Alhamisi amelipa pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza mara mbili. Badilisha kiasi cha mishahara, pango na kodi tu.

Kwa Tanzania kumbuka kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025: bei za bidhaa na huduma ndani ya nchi hazitakiwi kutajwa wala kulipwa kwa fedha za kigeni. Kuwa na akaunti ya dola si kosa, ila usimlipe fundi wa Ilala kwa dola wala kumwandikia mteja wa Mwanza invoisi ya dola.

Kwa anayenunua Dubai: dirhamu imefungwa kwa dola kwa 3.6725 tangu 1997. Muuzaji anayekupa bei ya dola kwa hesabu ya 3.60 amejiongezea karibu asilimia 2. Mwombe invoisi ya dirhamu, kisha ulinganishe.

## Kulipa wauzaji wa nje

9. Nihitaji taarifa gani ili TT ifike?

Jina kamili la mpokeaji kama lilivyo benki, anwani yake yenye mji na nchi, namba ya akaunti, jina la benki na msimbo wa SWIFT, unaoitambulisha benki kimataifa. Msimbo huo una herufi 8 au 11. Nne za kwanza ni benki, na ya tano na ya sita ni nchi. Ndiyo maana wa CRDB ni CORUTZTZ na wa KCB Kenya ni KCBLKENX. Ukipewa anwani ya benki ya Shenzhen lakini herufi hizo mbili zinasema HK (Hong Kong), simama uulize.

Ulaya na nchi nyingi za Ghuba hutumia IBAN, namba ya akaunti ya muundo wa kimataifa: ya Ujerumani ina tarakimu na herufi 22, ya Falme za Kiarabu 23. Ndani yake kuna tarakimu za ukaguzi, hivyo ukikosea moja fomu hukataa. Namba ya akaunti ya kawaida mara nyingi haina kinga hiyo. Nakili kutoka kwenye invoisi, kisha soma kwa sauti huku mwenzako akifuatilia. Marekani hutumia namba ya benki yenye tarakimu 9, na Uingereza msimbo wa tarakimu 6 na akaunti ya tarakimu 8.

Tanzania na Kenya hazina IBAN. Mteja wa Ulaya akikwambia mfumo wake unaidai, mwelekeze achague malipo ya nje ya ukanda wa euro, kisha aweke namba ya akaunti na SWIFT.

Kwenye madhumuni andika namba ya invoisi na aina ya bidhaa. Neno "malipo" peke yake huzaa maswali.

10. Muuzaji wa China anataka nilipe akaunti ya mtu binafsi, au ya kampuni ya Hong Kong. Nikubali?

Akaunti ya mtu binafsi: hapana. Mkazi wa China ana kikomo cha kubadilisha fedha za kigeni zenye thamani ya dola 50,000 kwa mwaka, kwa hiyo fedha zako zinaweza kukwama baada ya kufika. Mzigo ukiharibika huna ushahidi kwamba uliilipa kampuni, na forodha wakihoji bei ya mzigo, kopi ya TT yenye jina la mtu mwingine haikusaidii.

Hong Kong ni tofauti. Wauzaji wengi halali wana kampuni huko kwa ajili ya kupokea dola. Kubali ikiwa jina la kampuni hiyo limeandikwa kwenye profoma (invoisi ya awali) yenyewe, ikiwa na mhuri, na baada ya kuisaka kampuni kwenye daftari la usajili la Hong Kong, ambalo liko wazi mtandaoni. Malipo ya kwanza yawe madogo. Utaratibu wa kawaida ni asilimia 30 kabla ya kutengeneza na 70 baada ya kuona nakala ya hati ya kupakia mzigo melini. Anayedai asilimia 100 mbele kwa oda ya kwanza ya kontena, mwache.

11. Nimepata barua pepe kwamba muuzaji amebadilisha akaunti.

Chukulia ni wizi mpaka ithibitike vinginevyo. Wezi huingia kwenye barua pepe ya muuzaji, husoma mazungumzo yote, husubiri siku ya malipo, kisha hutuma invoisi inayofanana kila kitu isipokuwa namba ya akaunti. Usijibu barua hiyo. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, au WeChat ya mtu uliyeonana naye, mkiwa kwenye video. Kama umeshatuma, nenda benki saa hiyo hiyo kuomba irudishwe. Fedha zikishatolewa upande wa pili, kuzirudisha ni bahati.

12. TT imetoka lakini muuzaji anasema hajaiona.

Omba benki kopi ya SWIFT, yaani ujumbe wa malipo ambao benki yako iliutuma. Hakiki jina na namba ya akaunti ya mpokeaji, kiasi, tarehe ya thamani (siku malipo yanapohesabiwa kufanyika) na kama ni OUR au SHA. Kisha tafuta UETR, namba ndefu ya ufuatiliaji yenye alama 36. Mtumie muuzaji aipeleke benki yake, kwa kuwa kwa namba hiyo benki zote za njiani zinaweza kuona fedha zimesimama wapi.

Kabla ya hapo angalia kalenda. Dola hupitia New York, ambako ni nyuma yetu kwa saa 7 au 8, na huko Jumamosi na Jumapili hakuna kazi. Wiki ya Oktoba 1 na mwaka mpya wa Kichina benki za China hufungwa kwa siku kadhaa. Dubai hupumzika Jumamosi na Jumapili tangu 2022, lakini Saudi Arabia ni Ijumaa na Jumamosi.

Zikipita siku tano za kazi, andika ombi rasmi la ufuatiliaji. Sababu za kawaida ni jina lisilolingana, anwani isiyo na mji, au jina lako kufanana na la mtu aliye kwenye orodha ya vikwazo. Wenye majina kama Mohamed Ali hulijua hili vizuri. Jibu swali la benki siku hiyo hiyo kwa kutuma kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na invoisi. Malipo yakirudishwa, yatarudi yamepunguzwa ada, na kama yalitoka kwenye akaunti ya shilingi yatabadilishwa kwa bei ya siku ya kurudi. Kulipa kutoka akaunti ya dola huondoa hasara hiyo ya pili.

13. Kwa nini benki inadai profoma na hati nyingine?

Sheria za kuzuia utakatishaji fedha. Kenya, kwa malipo yanayofikia dola 10,000 au zaidi, vielelezo ni lazima. Kwa kiasi kidogo pia benki inaweza kudai. Andaa faili moja kwa kila oda: profoma, mkataba, kopi ya SWIFT, hati za mzigo na za forodha. Ukilipia huduma na si bidhaa, mfano programu au ushauri kutoka nje, uliza kwanza kuhusu kodi ya zuio: Tanzania ni asilimia 15 kwa huduma za asiye mkazi.

14. Kuna mtu anapokea shilingi hapa na muuzaji analipwa yuan kule siku hiyo hiyo. Kuna ubaya?

Ni haraka kweli, na bei yake mara nyingi huvutia. Ubaya ni kwamba fedha anazopokea muuzaji hutoka kwa mtu msiyemjua. Zikiwa na asili chafu, polisi wa China hufungia akaunti ya muuzaji, naye atakudai wewe. Pia huna kopi ya SWIFT, na yaliyosemwa kwenye jibu la 10 kuhusu forodha yanakuhusu.

## Kupokea kutoka nje

15. PayPal inafaa?

Kenya inapokea, na tangu 2018 unaweza kutoa kwenda M-Pesa. Akaunti za Tanzania kwa miaka mingi zimeruhusiwa kulipa, si kupokea, kwa hiyo angalia orodha ya nchi ya PayPal kabla ya kuiandika kwenye invoisi. Kutumia akaunti ya jamaa aliyeko Nairobi au London ni njia ya uhakika ya kufungiwa fedha. Mnunuzi pia ana siku 180 za kufungua malalamiko.

16. Nina namba za akaunti za Marekani kutoka kampuni ya mtandaoni, lakini malipo ya mteja yamekataliwa.

Namba hizo huwa na masharti. Nyingine hupokea uhamisho wa kawaida wa ndani ya Marekani tu na si wa haraka wa benki kwa benki, nyingine hukubali kutoka kwa kampuni na si mtu binafsi. Soma masharti ya kila sarafu peke yake, kisha mwandikie mteja kwenye invoisi aina ya uhamisho atakayotumia. Mpe jina la mpokeaji kama kampuni ilivyokupa, hata kama kwako linaonekana geni.

17. Mgeni amelipa kwa kadi, amesafiri, kisha amedai fedha zake. Inawezekana?

Ndiyo. Mwenye kadi ana takriban siku 120 za kupinga malipo, na lango litakukata fedha huku kesi ikiendelea. Kinachokuokoa ni karatasi: masharti ya kughairi aliyoyakubali kabla ya kulipa, vocha yenye sahihi, risiti za hifadhi, mawasiliano. Jibu ndani ya muda uliopewa, maana ukikaa kimya umeshindwa. Usiitumie amana yote kabla ya safari.

18. Wateja wangu wako Kenya, Uganda au Rwanda. Lazima nipitie dola?

Si lazima. Mfumo wa EAPS unaunganisha mifumo ya malipo ya benki kuu za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, na fedha huenda kwa sarafu za nchi hizo bila kuzunguka New York. Itaje kwa jina ukiwa benki. Kwa kiasi kidogo kati ya Kenya na Tanzania, M-Pesa hadi M-Pesa imekuwepo tangu 2015. Angalia tu kikomo cha muamala.

## Hali ngumu kidogo

19. Akaunti yangu ya mtandaoni imefungiwa ghafla. Nifanye nini?

Usifungue nyingine, maana itaunganishwa na ya kwanza na zote kufungwa. Tuma walichoomba katika ujumbe mmoja uliokamilika: invoisi, mkataba, ushahidi wa kazi au mzigo. Vichocheo vya kawaida ni fungu kubwa lisilolingana na historia yako, kuingia kwa VPN (programu inayoficha mahali ulipo), na fedha kutoka kwa mtu asiye kwenye invoisi. Nchi nayo ina uzito: Tanzania ilikuwa kwenye orodha ya kijivu (nchi zilizo chini ya uangalizi zaidi) ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, kuanzia Oktoba 2022 hadi Juni 2025, na Kenya iliingizwa Februari 2024. Nchi ikiwa humo, maswali huongezeka hata kwa asiye na kosa.

20. Fedha zangu ziko salama kiasi gani?

Benki: bima ya amana hulipa hadi shilingi milioni 7.5 Tanzania na shilingi 500,000 Kenya. Kampuni za mtandaoni kwa kawaida hazimo kwenye bima hizo, hivyo hamisha salio kila wiki.

21. Nisajili kampuni Marekani au Uingereza ili nipate akaunti bora?

Kwa mwenye mauzo madogo, gharama huzidi faida. Kampuni ya Marekani ya aina ya LLC inayomilikiwa na mgeni mmoja inatakiwa kuwasilisha fomu 5472 kila mwaka yenye miamala kati yake na mmiliki, na faini ya kutofanya hivyo inaanzia dola 25,000, hata kama hakuna kodi ya kulipa. Ya Uingereza hudai hesabu na taarifa ya uthibitisho kila mwaka. Na kwa kuwa unaiendesha ukiwa Dar es Salaam au Nairobi, TRA au KRA bado wana haki ya kuuliza kuhusu mapato yake. Inafaa pale tu wateja wako wanapolazimisha lango ambalo halipatikani hapa, na mauzo yanatosha kumlipa mhasibu wa kule.